Kompyuta ya kurekodi televisheni: Jua mawimbi kwanza, programu baadaye

Mwenye duka anayefunga milango saa tatu usiku mjini Busia hufika nyumbani taarifa ya habari imekwisha na tamthilia iko ukingoni. Dereva wa lori aliyelala Rusumo akisubiri karatasi zake huikosa mechi. Kwa watu wa namna hii, kompyuta inayokaa chini ya televisheni, ikanasa matangazo yenyewe na kuyahifadhi mpaka mwenyewe arudi, si anasa.

Kompyuta hiyo ipo, na haihitaji kuwa mpya. Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, kifaa cha kunasia mawimbi, antena na programu ya bure vinatosha. Kwa mfanyabiashara anayevuka mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hii ni bidhaa yenye faida kwa sababu anauza kazi iliyokamilika badala ya boksi tupu. Lakini ikichaguliwa vibaya, hurudi dukani haraka. Na mteja wa Bujumbura anayerudisha mzigo kwa muuzaji wa Kampala havuki barabara tu. Analipa nauli, anapoteza siku na anajieleza upya forodhani.

Wanunuzi wengi huanza na swali la programu ipi ni bora. Hilo linapaswa kuwa swali la tatu. La kwanza ni mawimbi gani yanapatikana pale kompyuta itakapokaa. La pili ni nani mwenye programu, na akiamua kuifunga kesho mteja atabaki na nini. Ukiyajibu hayo mawili, orodha ya programu inajipunguza yenyewe.

Sehemu mbili za kazi moja

Programu za kurekodi televisheni zina kazi mbili ambazo mara nyingi watu huzichanganya. Kazi ya kwanza hufanyika nyuma ya pazia: kuamuru tyuna, yaani kifaa kinachonasa mawimbi, kusoma ratiba ya vipindi, kuanza kurekodi saa ikifika na kuandika faili kwenye diski. Kazi ya pili ni sura anayoiona mtazamaji kwenye kioo: orodha ya vituo, picha za vipindi na menyu anayoipitia kwa rimoti.

Kuna programu zinazofanya kazi zote mbili, na kuna zinazofanya moja tu. Kodi, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ni ya sura. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikaitwa XBMC, kisha ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Inacheza filamu, muziki na picha vizuri sana, lakini haiwezi kunasa kituo hata kimoja cha televisheni bila programu nyingine ya nyuma kuilisha. Anayemuuzia mteja Kodi peke yake akimwambia itarekodi televisheni amemuuzia nusu ya kazi.

Mawimbi kwanza

Televisheni ya kawaida ya antena katika ukanda wetu iko kwenye mfumo wa dijitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, Kenya ikafuata mapema mwaka 2015 baada ya mvutano wa miezi na vyombo vikubwa vya habari, na tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa ilikuwa Juni 17, 2015. Mfumo wa kutafuta leo kwenye lebo ya tyuna unaitwa DVB-T2. Tyuna ya zamani iliyoandikwa DVB-T pekee haisomi mawimbi ya DVB-T2, hata kama tofauti ni tarakimu moja tu. Ile ya DVB-T2 husoma yote mawili.

Hapa ndipo mizigo ya mtumba huleta hasara. Kompyuta zinazotoka Marekani, zikiwa na tyuna ndani, huwa na mfumo wa ATSC, ambao haufanyi kazi hapa. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China hutumia DTMB. Japani, nchi nyingi za Amerika Kusini, na Botswana hapa Afrika, hutumia mfumo wa familia ya ISDB-T. Hakuna programu inayoweza kurekebisha tyuna isiyofaa. Soma lebo kabla hujalipa. Kama huoni maandishi ya DVB-T2, hesabu kwamba hakuna tyuna.

Kifaa kinachofahamika kufanya kazi ni Hauppauge WinTV-dualHD, lakini kile kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya. Chenye jina hilohilo kilichotengenezwa kwa Marekani ni cha ATSC. Cha Ulaya kina tyuna mbili ndani ya kijiti kimoja cha USB, na mfumo wa Linux unakitambua. Kwa anayetumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kuna bodi iitwayo TV HAT, iliyotoka mwaka 2018, yenye tyuna moja ya DVB-T2.

Kwa nini tyuna mbili? Katika dijitali, masafa moja hubeba vituo kadhaa kwa pamoja, kama basi linavyobeba abiria wengi. Tyuna moja hupanda basi moja kwa wakati mmoja. Nchini Kenya, kwa mfano, KBC husafirishwa na kampuni ya Signet, huku Citizen, NTV na KTN zikisafirishwa na ADN, kampuni iliyoanzishwa na wenye vituo hivyo. Tyuna moja, ikiwa na programu nzuri, inaweza kurekodi vituo viwili vilivyo kwenye masafa mamoja. Haiwezi kurekodi KBC na Citizen kwa pamoja. Familia yenye mpenzi wa mpira na mpenzi wa tamthilia chini ya paa moja inahitaji tyuna mbili.

Katika miji ya mpakani antena inaweza kunasa minara ya nchi zote mbili. Hiyo ni faida, mradi anayefunga mtambo atafute vituo upya pale utakapokaa. Orodha ya vituo iliyotafutwa Nairobi haina maana Mutukula.

Vituo vya kulipia ni habari nyingine

Mteja akikuambia anataka kurekodi kwa kompyuta vituo vya DStv, StarTimes, GOtv, Zuku au Azam, mweleze mapema. Vituo vya kulipia vimefungwa kwa msimbo, na kinachovifungua ni king'amuzi cha kampuni chenye kadi au namba yake. Tyuna ya kompyuta itaona jina la kituo, lakini picha haitakuja. Mwenye malipo anayetaka kurekodi aulize kampuni yake kuhusu king'amuzi chenye diski ndani. Anayejitolea kukuuzia namna ya kuvunja msimbo anakuuzia kosa la jinai.

Kwa hiyo kompyuta ya kurekodi ni ya vituo vya bure vya antena, na vile vya bure vya satelaiti kwa anayeweka tyuna ya DVB-S2 na dishi. Usiudharau utajiri huo. Mwaka 2018 nchini Tanzania, vituo vya ndani visivyolipiwa viliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia kutokana na masharti ya leseni. Mwenye antena yake aliendelea kutazama.

Funzo la Windows Media Center

Kwa miaka mingi jibu rahisi lilikuwa Windows Media Center ya Microsoft. Ilikuja mwaka 2002 na toleo maalumu la Windows XP, ikawekwa ndani ya matoleo mengi ya Windows 7, na waliokuwa nayo wengi waliipenda kwa urahisi wake. Rimoti moja ilitosha kwa ratiba, kurekodi na kutazama.

Kisha ikaanza kuondoka taratibu. Kwenye Windows 8 ikawa ya kulipia pembeni. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuwamo kabisa. Januari 2020 Microsoft ikaacha kutuma ratiba ya vipindi kwa waliobaki. Mashine zilikuwa nzima, diski nzima na tyuna nzima, lakini mwenye programu alikuwa ameondoka na ratiba ikabaki tupu. Hata hivyo, bado zipo kompyuta za mtumba zenye Windows 7 ambazo Media Center hiyo inaweza kutajwa kama sifa ya kuuzia. Usiinunue kwa sababu hiyo.

Jambo hilo limepata uzito mpya. Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani kwa sababu inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Maana yake ni kwamba ofisi nyingi duniani zinatoa kompyuta ambazo bado zina nguvu. Kompyuta ya namna hiyo, ikiwekewa Linux, inaweza kurekodi televisheni kwa miaka mingine. Mfanyabiashara anayelijua hili ananunua kile ambacho wengine wanakiona chakavu.

Programu zilizopo mezani

Tvheadend pamoja na Kodi. Huu ndio mchanganyiko unaofaa wateja wengi wa kawaida. Tvheadend hufanya kazi ya nyuma kwenye Linux, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo hakuna kampuni moja inayoweza kuizima. Haihitaji kompyuta yenye nguvu, kwa sababu huandika kwenye diski kile kinachokuja hewani bila kukibadilisha. Mipangilio yake hufanywa kwa kivinjari, hata kutoka kwenye simu iliyo kwenye mtandao wa nyumbani. Kodi ndiyo inayokaa mbele ya mtazamaji, na menyu zake zipo pia kwa Kifaransa, jambo lenye thamani kwa mzigo unaokwenda Bujumbura, Goma au Bukavu. Udhaifu wake ni siku ya kwanza. Kufunga Tvheadend kunahitaji subira, na aliyezoea Windows atakwama kwenye majina ya masafa na mitandao. Kazi hiyo aifanye muuzaji, si mteja.

Kuna njia ya mkato iitwayo LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya kuwasha Kodi tu. Unawekwa kwenye flashi, kompyuta inawaka moja kwa moja kwenye Kodi, na Tvheadend huongezwa kama kiungo cha ziada kutoka ndani ya menyu. Kwa anayeuza mashine kumi zinazofanana, hii ndiyo njia ya kuzitengeneza kwa siku moja.

NextPVR. Hii inafaa mteja asiyetaka kuachana na Windows. Ni ya bure, husoma DVB-T2, ina sura yake ya kutazamia, na inaweza pia kuilisha Kodi. Inafanya kazi kwenye Linux pia. Kuifunga ni rahisi kuliko Tvheadend. Ila msimbo wake haujawekwa wazi, hivyo uhai wake unategemea waliouandika. Ni bora kuliko Media Center kwa sababu haitegemei kampuni kubwa kutuma ratiba, lakini swali la "mwenye programu akiondoka" linabaki.

MediaPortal. Ni ya Windows pekee, msimbo wake uko wazi, na ilitokana na kazi ya XBMC mwaka 2004. Ina mambo mengi ya kupangilia, na mwenye kupenda kuchokonoa kompyuta ataifurahia. Kwa mteja anayetaka kubonyeza na kutazama, ni nzito kuliko anavyohitaji.

MythTV. Huyu ni mkongwe wa Linux, tangu mwaka 2002. Anaweza mengi, ikiwamo kujaribu kutambua matangazo ya biashara na kuyaruka. Anahitaji hifadhidata yake na uangalizi wa mtu anayeijua Linux. Kwa mashine itakayokaa mbali na fundi, mwache.

Jellyfin, Emby na Plex. Hizi ni za mtu mwenye maktaba ya video anayetaka kuitazama kwenye simu, televisheni na kompyuta za nyumba nzima. Zote tatu zinaweza kurekodi televisheni, lakini kwenye Plex na Emby kurekodi ni kwa wanaolipa. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018 baada ya Emby kuufunga msimbo wake, na ni ya bure yote. Kwa upande wa televisheni, Jellyfin haiamuru tyuna ya USB moja kwa moja. Huipata kupitia tyuna ya mtandao au programu kama Tvheadend na NextPVR. Plex hutegemea pia akaunti ya mtandaoni, na malipo yake ni ya kadi. Mteja asiye na intaneti ya uhakika wala kadi ya benki asipelekewe.

Kwa kifupi, mteja wa kawaida apewe LibreELEC yenye Kodi na Tvheadend. Anayeshikilia Windows apewe NextPVR. Mwenye familia yenye simu nyingi aongezewe Jellyfin juu ya mojawapo ya hizo.

Saa ya Kiswahili na saa ya mashine

Tatizo linaloweza kumrudisha mteja akilalamika halihusu programu bali saa. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia ziko kwenye majira ya saa tatu mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Mashine iliyopangwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigali bila kubadilishiwa majira, mwenyewe akiiandikia saa kwa mkono, itaanza kurekodi saa nzima kabla ya kipindi na kuzima kipindi kinapoanza. Ratiba inayotumwa hewani pamoja na matangazo hutumia saa ya dunia, kwa hiyo kurekodi kwa kuchagua kipindi kwenye ratiba ni salama zaidi kuliko kuandika saa.

Kuna jambo la pili ambalo wenzetu wa Ulaya walioandika programu hizi hawakuliwazia. Mteja akisema taarifa ya habari ni saa mbili usiku, mashine inataka kusikia 20:00. Akiandika 2:00 atapata saa nane za usiku wa manane. Mwandikie kwenye karatasi ndogo na uibandike nyuma ya rimoti: jioni na usiku, hadi saa tano, ongeza kumi na nane. Saa moja jioni ni 19:00, saa mbili ni 20:00, saa tatu ni 21:00. Saa sita usiku mashine huanza siku mpya na kuiita 00:00.

La tatu ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao wa kompyuta, aina ya CR2032. Kwenye kompyuta za mtumba mara nyingi imekwisha. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka nyuma, na orodha yote ya kurekodi inavurugika. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Badilisha kwenye kila mashine kabla ya kuuza. Tvheadend pia ina mpangilio wa kusoma saa kutoka kwenye mawimbi ya televisheni yenyewe, na kwa nyumba isiyo na intaneti ni vyema kuuwasha.

Kuhusu ratiba, baadhi ya vituo hutuma ya siku kadhaa na vingine hutuma kipindi cha sasa na kinachofuata tu. Kabla ya kumwahidi mteja kurekodi tamthilia yote kwa kubonyeza mara moja, tazama kituo chake kinatuma nini. Kama ratiba ni fupi, panga kurekodi kwa siku na saa, na uongeze dakika tano mbele na kumi na tano nyuma. Kwa mechi ya mtoano, ambayo inaweza kufika dakika 30 za nyongeza na penalti, ongeza saa nzima mwishoni. Hakuna hasira kama ya mtu aliyerekodi fainali ikakatika kabla ya penalti ya mwisho.

Diski na umeme

Hesabu ya diski ni rahisi. Kila megabiti moja kwa sekunde ya matangazo hula gigabaiti 0.45 kwa saa. Kituo cha picha ya kawaida cha megabiti 2 kitakula karibu gigabaiti 0.9 kwa saa. Kituo cha picha angavu cha megabiti 8 kitakula 3.6. Mechi ya saa mbili kwenye kituo hicho ni gigabaiti 7.2, na diski ya gigabaiti 500 itabeba takriban mechi 69 kabla ya kujaa. Diski hiyo, iliyo kwenye kompyuta nyingi za mtumba, inatosha kabisa. Pangilia programu ifute rekodi za zamani yenyewe, ili diski isijae mteja akadhani mashine imeharibika.

Umeme ndio gharama iliyofichika, kwa sababu mashine ya kurekodi hukaa imewashwa. Kompyuta kubwa ya mezani inayotumia wati 60 itakula uniti 1.44 kwa siku, karibu 43 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya ofisini, ile inayofungwa nyuma ya kioo, ikitumia wati 15, itakula uniti zisizofika 11. Zidisha kwa bei ya uniti mjini kwa mteja wako, kisha mwonyeshe. Mara nyingi kompyuta ndogo iliyo ghali kidogo dukani inakuwa rahisi ndani ya mwaka mmoja.

Ingia pia kwenye mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla mfumo haujawaka, na uiamuru ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Bila hivyo, umeme ukikatika mchana hakuna kitakachorekodiwa usiku.

Kwenye lango la forodha

Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, kompyuta ziko kwenye daraja la asilimia sifuri. Hilo ni kwa ushuru wa forodha tu. Kodi ya ongezeko la thamani ina kiwango cha kawaida cha asilimia 16 nchini Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda, Rwanda na Burundi, huku misamaha ikibadilika kutoka bajeti moja hadi nyingine. Tyuna na ving'amuzi vinaweza kuwekwa kwenye daraja la vipokezi vya televisheni, kwa hiyo viandike kwenye ankara kwa mstari wake na bei yake. Ankara ya jumla humfanya ofisa akadirie mwenyewe.

Wachuuzi wadogo waliozoea cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, wakumbuke kwamba cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kompyuta iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuwekewa programu Nairobi. Kuhusu vifaa vya mtumba vya elektroniki, kila nchi ina masharti yake ya taka na ubora. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ulizwe forodha yake yenyewe. Uliza kabla ya kununua, si ukiwa umesimama kwenye foleni.

Usisahau plagi. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia pini tatu za bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za duara. Waya wa bei ndogo ulioutia kwenye boksi utakufanya ukumbukwe kwa wema.

Haki ya kazi za wengine

Kodi ni programu halali. Kinachoitia doa ni wauzaji wanaoiongezea viungo vya kutazama bure mechi na filamu za kulipia. Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuuza vichezeshi vilivyowekewa viungo vya aina hiyo ni kukiuka hakimiliki. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, lakini inaonyesha kwamba anayeulizwa si mtazamaji peke yake bali pia aliyeuza. Uza Kodi tupu.

Vivyo hivyo kwa rekodi. Kurekodi kipindi cha bure ukitazame na familia jioni ni jambo moja. Kukionyesha kwenye kibanda cha kiingilio au kukiuza kwenye flashi ni biashara ya kazi ya mtu mwingine, na inahitaji ruhusa. Kwa Tanzania mwulize COSOTA, kwa Kenya KECOBO, kwa Uganda URSB. Mteja mwenye baa aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kabla ya kufunga boksi

Mashine iliyo tayari kuvuka mpaka ijaribiwe kwa usiku mmoja mzima. Panga rekodi mbili za vituo vilivyo kwenye masafa tofauti, katikati yake chomoa waya wa umeme kwa dakika tano, urudishe, kisha uondoke. Asubuhi, kama mashine imejiwasha, saa iko sawa na faili zinacheza, funga boksi. Kama sivyo, tatizo limeonekana ukiwa bado na bisibisi mkononi, na mteja hajapoteza nauli yake.

Weka ndani ya boksi karatasi moja yenye mambo manne: jina la programu, nenosiri lake, namna ya kutafuta vituo upya, na namba ya simu ya fundi aliye upande wake wa mpaka. Mashine ambayo fundi wa Gitega anaweza kuifungua na kuielewa ni bora kuliko ile nzuri zaidi inayomjua fundi mmoja tu wa Nairobi.